Nyigu Wamepotea Kwenye Njegere Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Leo Daktari wa wadudu ametugawia meza ndani ya banda la kioo. Mimi nimepewa njegere za majani tele. Kichaka kitupu! Shemeji, kaka wa mke wangu, kapewa njegere za majani haba, vijiti tu. Kila meza ina vidukari mia mbili wanaonyonya utomvu, na chandarua chake. Kisha tukafungulia nyigu, wadogo kuliko punje ya ufuta. Nyigu akimpata kidukari humdunga yai mwilini, na baada ya siku kumi hivi kidukari hukauka na kuwa ganda la kahawia. Kazi yetu ni kuhesabu maganda. Daktari kataja pia kwamba mwezi huu atachagua msimamizi wa banda. Mwenye funguo! Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Haya ni mashindano.

Jumanne, 4 Machi
Kioo cha kukuzia mkononi tangu asubuhi. Nyigu wangu mmoja kazunguka ukingo wa jani lilelile mara kumi na moja. Kidukari yuko chini ya jani la jirani, anakula raha mustarehe. Kwa Shemeji, nyigu anapanda kijiti, kidukari huyo kamkuta. Nimemlalamikia Daktari kwamba nimepewa msitu. Kanijibu kwa upole niandike tu ninachokiona, kisha akaaga. Ana safari hadi Ijumaa ya wiki ijayo.
Miaka sita namwagilia banda hili. Sishindwi na mtu niliyemfundisha mimi kushika mpira wa maji.

Jumatano, 5 Machi
Penye nia pana njia. Wenzangu walipokwenda kula mchana, niliingia na mkasi wa kucha wa mke wangu. Majani chini! Vidukari waliokuwa juu yake nimewahamishia kwenye mashina kwa brashi, mmoja mmoja. Mgongo sina hamu nao. Majani nimeyafukia kwenye shimo la mboji.
Mke wangu kauliza mkasi umepataje ukijani. Nimesema nilikuwa nakata kucha. Kaukagua mkasi, kisha kucha zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nyigu wangu sasa wanatembea kama wenye ramani. Shemeji kachungulia, kasema Daktari hatapenda. Wivu.

Ijumaa, 14 Machi
Maganda yangu mia moja sabini na sita. Ya Shemeji mia moja sabini na moja! Daktari karudi, kasoma hesabu akiwa bado na begi begani. Akakaa kitini. Kwa sauti ndogo akasema miaka mitatu amekuwa akiamini kwamba majani mengi humpoteza nyigu, na kumbe hayana tofauti yoyote. Nikamfariji kwamba kila kitu kinategemea mtunzaji.
Hapo ndipo alipoinuka kwenda kuiona meza yangu.
Akashika kijiti kimoja kilichokatwa majani. Kisha akasema, «Umbo la mmea ndilo swali lenyewe. Umelikata swali langu kwa mkasi.»
Niliona aibu. Naandika ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Wiki mbili za kazi yake zimeishia kwenye mboji, na hata sauti hakupandisha. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 17 Machi
Funguo kapewa Shemeji. Anazining'iniza kiunoni, zinalia kila akipiga hatua. Mama mkwe kapiga simu kumpongeza, akaniomba mimi nimpe Shemeji simu.

Jumanne, 18 Machi
Daktari ana moyo. Kanisamehe, kanipa meza nyingine. Safari hii ni nyanya. Anataka kujua kama vinyweleo vya majani humchelewesha nyigu. Shemeji kapewa aina yenye majani laini. Mimi? Yenye vinyweleo kama kidevu cha mlinzi wetu! Nyigu wangu wa kwanza kanasa hatua ya tatu.
Daktari kaniapisha mbele ya wote kwamba sitakata jani hata moja. Nimeapa kwa moyo mweupe, na kiapo nitakitimiza. Somo limeniingia. Jani haliguswi.
Kinyweleo si jani. Jioni nimepitia dukani nikanunua nyembe tatu.