Doa Kwenye Mkono wa Koti

Umma unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba shirika letu la ndege limeondokana kabisa na marubani wasiopendeza. Mafanikio haya nayaeleza mimi mwenyewe, Mkaguzi Mwandamizi wa Mwonekano, kwa sababu bila rula yangu yasingepatikana.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ya aibu tupu. Rubani alikuwa anapita katikati ya mvua na radi, anaishusha ndege taratibu kama anayelaza mtoto, halafu anatoka tai imelegea! Na abiria wanampigia makofi! Mkurugenzi wetu alipoliona hilo, hamu ya chakula ikamwisha. Akaandika Waraka wa Viwango vya Mavazi, kurasa sitini na nne, na Waziri akautia sahihi bila kupoteza muda wa kuusoma. Waraka uko wazi. Asiyepata alama mia haingii chumba cha marubani. Anayekosa mara tatu anavuliwa urubani na kuhamishiwa kaunta ya mizigo iliyopotea.

Ili awe mfano hai, Mkurugenzi alijishonesha sare yake mwenyewe. Rubani mkuu huvaa mistari minne ya dhahabu begani. Yeye aliweka mitano, maana hakuona sababu ya kulingana na watu anaowaongoza.

Tulibaki na tatizo moja tu, na watu walikuwa wanamwita Mama Pole. Ana miaka ishirini na miwili angani, na jina hilo alipewa na abiria kwa jinsi anavyotua. Lakini mama huyu ana tabia mbaya: kabla ya kuruka lazima aizunguke ndege. Anapiga magoti kwenye magurudumu, anachungulia injini, anapapasa hiki na kile. Mara ya kwanza nilimkuta suruali imejikunja magotini, nikamwandikia kosa. Mara ya pili viatu vimelowa, nikamwandikia. Wenzake walikuwa wameshaelewa somo. Wanaiangalia ndege kwa mbali, mikono nyuma, kisha wanakuja kuchukua mia yao.

Asubuhi ya tukio ndege ilijaa. Waziri alikuwa kiti cha mbele kabisa, anakwenda nje kupokea tuzo ya usafiri nadhifu, na Mkurugenzi anamsindikiza akiwa na mistari yake mitano. Mimi nilisimama mlangoni na rula, fomu na kitambaa cheupe cha kupimia vumbi. Mama Pole akapanda ngazi. Mkono wa kulia wa koti lake ulikuwa na doa jeusi, ukubwa wa kisahani cha chai.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Grisi, mdogo wangu. Tairi la nyuma lilikuwa na mpasuko unaingia vidole viwili. Mafundi wamelibadilisha sasa hivi."

"Sijauliza habari za tairi."

"Lingepasuka wakati wa kutua."

"Mama, fomu haina sehemu ya tairi."

Akaitazama fomu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu amenyoosha hizi nguo tangu alfajiri, akaniambia leo hawatapata la kusema. Miaka ishirini na miwili, mkaguzi. Kazi nyingine siijui."

Nakiri nilimwonea huruma. Nilimpa pole, nikaandika kosa la tatu kwa mwandiko mzuri kabisa, nikampelekea Mkurugenzi fomu aitie sahihi. Akatoa kalamu.

"Kwani haturuki?" akauliza Waziri.

Nikamweleza kwamba rubani msaidizi alikuwepo na mia yake, ila haruhusiwi kuruka bila rubani mkuu. Marubani wa akiba walikuwa watatu, na wote nilikuwa nimeshawaondoa asubuhi ile. Mmoja soksi zilitofautiana, wa pili sharubu zilizidi milimita mbili, wa tatu aliitikia salamu yangu kwa kucheka.

"Uwanja mzima huu hakuna mwingine hata mmoja mwenye alama mia?"

Nikapekua orodha. "Yupo, Mheshimiwa. Mkurugenzi."

Mkurugenzi akatabasamu kwa unyenyekevu. Alikuwa hajaelewa.

"Ana mistari mingapi?" Waziri akauliza.

"Mitano."

"Na hao wengine?"

"Minne."

"Mnaona sasa! Tunahangaika bure na mtu tunaye. Haya, aturushe."

"Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, kalamu bado mkononi, "mimi hasa ni mtu wa sera."

"Waraka wako unasema mwenye alama mia ndiye anayefaa kurusha ndege. Ni kweli au mlinisainisha uongo?"

Mkurugenzi akasema ni kweli. Nikamsindikiza hadi kwenye kiti cha rubani, nikamnyooshea kola. Rubani msaidizi, kijana safi aliyepata mia kwa kutogusa chochote, akafungua orodha yake ya ukaguzi.

"Breki?"

"Zipo," akajibu Mkurugenzi.

"Zimefungwa au zimeachiwa?"

"Wewe unaonaje?"

Mlango wa chumba cha marubani ulikuwa wazi. Bibi mmoja wa safu ya pili akanyoosha shingo.

"Mwanangu, umewahi kurusha hii kitu?"

"Bibi, mimi ndiye niliyeandika Waraka."

"Sikukuuliza umeandika nini."

Mikanda ikaanza kufunguliwa nyuma kote, ta, ta, ta. Wa kwanza kufungua alikuwa Waziri. Alikuja mbele, uso umemshuka, akamwinamia Mkurugenzi sikioni.

"Niambie ukweli. Unajua?"

"Mheshimiwa, hata gari huwa naendeshwa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye fomu, sehemu ya maoni.

"Mrudisheni yule mama!" Waziri akafoka.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," nikasema. "Ana doa."

"Basi mvueni huyu koti, mpeni yeye!"

Mama Pole alikuwa bado mlangoni. Hakulipokea koti. "Kwanza ile fomu yangu," akasema. Waziri mwenyewe akaichukua, akaichana vipande vinne, na mama akavikusanya vyote akatia mfukoni.

Koti likavuliwa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Mkurugenzi hakuvaa shati. Alikuwa na kola, tai, na kipande cha kitambaa cheupe cha kifuani, vyote vimefungwa mgongoni kwa kamba ya viatu juu ya fulana ya ndani iliyotoboka toboka. "Ni kwa sababu ya joto," akatueleza. Hakuna aliyemwuliza zaidi, ila bibi wa safu ya pili alicheka mpaka akaomba maji.

Mama Pole alilivaa koti, nikampima: mia kwa mia. Akakaa kwenye kiti chake na kuuliza habari za breki, na mara hii zilijulikana zilipo.

Kazi yangu lakini ilikuwa haijaisha. Waraka, kipengele cha tisa, unakataza mtumishi yeyote asiyekidhi viwango kuonekana na abiria. Nikamgeukia Mkurugenzi na rula. Matundu ya fulana yalikuwa saba, moja likipitisha ngumi. Nilimpa alama nne.

"Nne za nini?" akanong'ona.

"Viatu, mkubwa."

Nilimteremsha ngazi kwa heshima zote. Ndege ikaondoka, ikainuka vizuri sana, na sisi wawili tukatembea kwa miguu hadi getini, yeye ameshika kola yake mkononi. Mlinzi akatusimamisha.

"Bosi, huyu vipi? Anasema yeye ndiye Mkurugenzi. Unamfahamu?"

"Mwambie!" Mkurugenzi akanisihi, machozi yakimlengalenga. "Mwambie mimi ni nani!"

Ukurasa wa kwanza wa Waraka unasema mtumishi hutambulika kwa mavazi yake. Nilimwangalia kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kama alivyonifundisha.

"Kwa mujibu wa viwango," nikamjibu mlinzi, "simfahamu."