Shimo la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza! Gitaa limekamilika, na mimi ni fundi kuliko nilivyodhani, na nilikuwa nadhani makubwa. Kifua chake, ule ubao wa mbele, kimebenuka kama mkate uliokubali kuumuka. Nimekichonga chote kwa mkono kutoka ubao mnene, kwa randa ndogo kama kidole gumba. Nikiligonga mgongoni, linaitika. La Msasa ukiligonga linauliza nani.

Msasa ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Tulijifunza kazi pamoja kwa marehemu Mzee, baba mkwe wangu. Gitaa lake moja limetundikwa ukutani kwa Bwana Glavu, yule mkusanyaji asiyegusa gitaa bila glavu nyeupe. Tangu siku hiyo Msasa hawezi kununua hata kiberiti bila kulitaja. Lakini limetundikwa karibu na mlango! Katikati ya ukuta yapo ya Mzee peke yake.

Ndiyo maana hili litakuwa la Mzee. Niweke jina langu, nitundikwe mlangoni na Msasa? Thubutu! Nitasema nimelikuta darini. Mikono yangu katikati ya ukuta! Watu hawatajua. Mimi nitajua, na nikipita kwa Msasa nitatabasamu tu.

Jumanne, 4 Machi

Leo kulizeesha. Vanishi nimeisugua kwa kitambaa kilicholowa chai ya rangi mpaka ikachoka. Mke wangu akauliza majani ya chai yamekwenda wapi. Kisha akaliona gitaa, akaacha habari ya chai.

Alinikumbusha kwamba ule ulikuwa ubao wa mwisho wa baba yake, na kwamba aliniachia akisema nitengeneze langu. Nikamjibu kwamba langu ni langu hata likiwa lake. Akasema hajaelewa. Hata mimi sikuelewa vizuri, lakini nililisema kwa sauti nzito.

Akalichukua, akaligeuza juu chini, akapiga. Yeye hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kisu, ufagio, gitaa. Baba yake alimwahidi la kushoto tangu akiwa mdogo, lakini wateja hawakumpa nafasi. Basi akapiga hivyo hivyo, nyuzi kinyume. Ile sauti! Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Vitunguu.

Kuna kajambo kamoja. Mashimo ya sauti ni mawili, moja kila upande wa nyuzi. Mzee shingo yake ilikuwa ngumu, akichora anainamia upande, kwa hiyo ukiyatazama magitaa yake yote, shimo la kushoto limeshuka kuliko mwenzake. Nilijua. Nilishika msumeno nikiwa nimekusudia kabisa kukosea. Mkono ukakataa! Mashimo yangu yako sawasawa, unaweza kuyatumia kunyooshea ukuta. Lakini nani ataangalia?

Alhamisi, 6 Machi

Aliangalia.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Bwana Glavu alikaa kwenye kigoda changu, akavaa glavu, akaligonga, likaitika. Akapapasa uzi mmoja, akafumba macho. Akasema hajawahi kusikia kifua kinachopumua hivi. Nilishika ukingo wa meza nisipae.

Kisha akafumbua macho, akatazama mashimo, akacheka. Akasema Mzee hakukata mashimo yaliyo sawa tangu azaliwe. Aliyelitengeneza hili ana mkono kumshinda Mzee, lakini si Mzee.

Kumshinda Mzee! Amesema mwenyewe, na mke wangu alikuwa mlangoni, shahidi.

Aliongeza kwamba ningelileta kwa jina langu angelichukua palepale na kulitundika katikati, ila hatundiki uongo. Akaondoka. Mke wangu akarudi jikoni, akasema nimwite nikipata akili. Nilimwambia kwamba mtu aliyemshinda Mzee hahitaji kumwita mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Msasa amekuja kunipa pole. Alijuaje? Alisimama pale karakanani akipapasa gitaa langu, uso umemwiva kwa wivu, akasema ni zuri, sana. Akanishauri nimfuate Bwana Glavu, nimwombe radhi na kulitaja kuwa langu. Ujanja wa kitoto! Anataka nitundikwe jirani yake apate mtu wa kuongea naye.

Mimi nimeona mbali zaidi. Kasoro ya gitaa hili ni moja tu, halina kasoro. Hilo linarekebishika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelipakata gitaa mapajani, mgongo wake tumboni kwangu, uso ukitazama nje, kama mtu anavyompakata mtoto. Nikapiga alama ya penseli kwenye shimo la kushoto. Kisha nikalilaza mezani, nikafumba jicho moja, nikakata. Mkia wa shimo, ncha yake ya chini, umeshuka kabisa. Iliniuma kama najikata mwenyewe. Nikapaka chai.

Mke wangu aliusikia msumeno, akaja, akaona. Alichukua ufagio kwa ule mkono wake wa kushoto, akafagia unga wa mbao polepole, ubao wa baba yake, akautia kwenye kikopo. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia asisahau chini ya meza.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Glavu amerudi! Mwenyewe, bila kuitwa. Amesema tangu Alhamisi ile sauti haimtoki masikioni. Yuko tayari kusahau yaliyopita. Nimpe lile gitaa la mashimo yaliyo sawa, nitaje jina langu, na leo hii litatundikwa katikati ya ukuta.

Nilimtazama. Nikatazama msumeno. Msumeno ukanitazama.

Nikamwambia lile limeshauzwa. Lakini, bahati ilioje, darini pametokea jingine, na hili ni la Mzee kweli. Nikamwekea mbele. Akaligonga, likaitika, sauti ileile ila na mafua kidogo. Akainama kwenye mashimo. Akakaa ameinama.

Akasema kwa upole kwamba Mzee alishusha shimo la kushoto. Mimi nimeshusha la kulia.

Kumbe! Nilikuwa nimelipakata. Kushoto kwangu mimi niliyelipakata ni kulia kwake yeye anayelitazama. Bwana Glavu alivua glavu, akazikunja, akazitia mfukoni, akavuka barabara kwenda kwa Msasa. Ametoka huko na gitaa.

Nimekaa chini. Nasema ukweli, niliona haya. Si kwa Bwana Glavu, kwa Mzee. Nililigusa lile shimo nikatamani ningekuwa na ubao mwingine, hata kipande. Sina.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka nimepata jibu!

Gitaa la mkono wa kushoto hugeuzwa kila kitu. Kwa hiyo kama Mzee angetengeneza la kushoto, kosa lake pia lingegeuka, likaenda kulia. Gitaa hili ni la mkono wa kushoto! La pekee, la Mzee, lisilojulikana! Binti yake mwenyewe anatumia kushoto na aliahidiwa, ushahidi gani tena? Kuna mkusanyaji mwingine mji wa pili, nasikia yeye hana hata glavu.

Nimegeuza nyuzi asubuhi yote. Daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi, halina gundi, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, nalo nimeligeuza. Kazi safi.

Mke wangu akaja na chai, akaona nyuzi zimekaa upande wake. Akasimama. Machozi yakamlenga. Akaniuliza kwa sauti ndogo nimemtengenezea nani, na kabla sijajibu akalichukua, akalipakata, akapiga wimbo wa baba yake mpaka mwisho, bila kuligeuza juu chini, mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akanibusu kwenye paji la uso.

Ameelewa mpango, hatimaye. Mwanamke ana akili. Sasa ameondoka nalo chumbani na amefunga mlango, nafikiri anajifunza cha kusema mteja akija.