Kidoti cha Baba Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amesema yuko tayari. Jumapili ataitazama diski ya harusi yetu, ile ambayo baba mkwe anacheza na kucheka. Ndiyo video pekee aliyonayo ya marehemu mumewe. Tangu tumzike hajathubutu kuigusa. Nikajitolea kushughulikia mitambo. Mke wangu akaniomba nisijitolee. Nimeshajitolea.

Tatizo: picha ya diski ni ndogo, televisheni ya sebuleni ni kama mlango. Lazima kitu kiikuze picha na kujaza mapengo. Mimi nasema hiyo ni kazi ya deki. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, anasema ni ya televisheni. Ni mwalimu wa udereva, tunamwita Breki. Alisema kwa sauti ile ya kumwambia mtu apunguze mwendo. Simpendi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua deki mpya. Dukani kwangu sikuuza pazia hata moja, nilikuwa nasoma kitabu cha maelekezo chini ya kaunta. Jioni nikamwita Breki na mkewe. Nikaweka diski, mwanzo tu, sehemu ya maua. Nikawaonyesha ua moja moja. Nikamuuliza Breki kama televisheni anayoitetea ingeweza haya.

Breki akachukua rimoti, akafungua mipangilio ya deki. Ukuzaji umezimwa. Umezimwa tangu kiwandani. Maua yote niliyoyasifu ni kazi ya televisheni.

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Mama mkwe aliposikia tumeiweka diski bila yeye, akaichukua akaifungia kabatini. Naandika haya bafuni. Uso unawaka.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala kwa aibu, lakini nimepata dawa. Nimewasha ukuzaji wa deki hadi mwisho. Nimewasha na wa televisheni hadi mwisho, pamoja na ile sehemu ya kufuta chengachenga. Picha ikitoka safi, nitasema ni deki. Nani atajua? Kujaribu sijajaribu, diski iko kabatini.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alivaa gauni la siku ile. Nikawasha. Baba mkwe akatokea akicheza, uso laini kama mche wa sabuni. Hana makunyanzi. Hana kidoti. Alikuwa na kidoti cheusi pembeni ya pua, na mama mkwe alikuwa akikibonyeza akitaka kumchekesha. Mashine zangu mbili zimekiona uchafu, zimekifuta.

Mama mkwe akasogea hadi kwenye kioo. Akakitafuta kwa kidole. Akauliza taratibu, huyu ni nani.

Nikasema kosa ni langu, nikaeleza yote. Nilitamani ardhi ipasuke. Breki akadai televisheni peke yake ingetosha, akazima ukuzaji wa deki. Kidoti kikarudi nusu, kama kimemwagiwa maziwa. Mama mkwe akamwambia naye akae chini. Akaagiza tutoe stoo televisheni yake ya kichogo na deki yake ya zamani. Tukaibeba, mimi mbele, Breki nyuma, hatusemeshani.

Picha ndogo, haijakuzwa na yeyote. Kidoti kipo. Mama mkwe akakibonyeza kwenye kioo, akacheka, halafu akalia. Mimi nililia jikoni.

Nilimwomba radhi kwa magoti. Amenisamehe. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba nisiguse tena mitambo.

Jumatatu, 10 Machi

Ameitazama tena asubuhi. Nimefurahi kwa ajili yake. Mezani sikuinua macho, aibu bado ni mbichi. Ila tuseme haki, Breki naye alishindwa. Kwa hiyo ni sare.

Na nilipokuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimegundua jambo. Kidoti kinaonekana, ndiyo, lakini ni kidogo mno kwa macho ya mtu mzima kama yeye. Kumbe kuna kifaa kingine, kinakaa katikati ya deki na televisheni, kazi yake ni kukuza tu. Si deki, si televisheni. Sote wawili tulikosea.

Kesho mke wangu anampeleka mama yake kliniki. Kifaa nimeshakiagiza. Nimemwomba anayekileta asipige hodi kwa nguvu.