Mhandisi wa Kulala Kifudifudi

Odang Sumirat alikuwa kivulini kwenye kibanda cha madafu, ufuko wa magharibi wa Pangandaran, akinywa dafu ambalo hakuwa na nia ya kulilipia, alipomwona mgeni mmoja wa Kizungu akipigana na kiti.

Mgeni huyo, pande la mtu, alitaka kulala kifudifudi ili mgongo nao upate jua. Kiti cha mbao cha hoteli hakikutaka. Akigeuza shingo kushoto, sikio linabanwa na ubao. Akigeuza kulia, pua inaingia kwenye mwanya. Mikono haikuwa na pa kwenda. Mara aiweke chini ya paji la uso, mara aiache ininginie kama nguo zilizoanikwa. Baada ya robo saa aliinuka akiwa na mistari sita shavuni, akakunja taulo lake na kuondoka bila kumuaga mtu.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwenye hoteli, Haji Kosasih, akivitazama viti vyake kumi na viwili, vyote vitupu.

Odang aliweka dafu chini. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuwauzia watu wa Garut dawa ya kuwachangamsha kuku wavivu, na watu wa Tasikmalaya uanachama wa klabu ya ndege waimbao, klabu isiyokuwa na ndege wala klabu. Kiti hakikuwahi kumpitia mkononi, lakini hata kuku hakuwahi kuwafuga.

"Haji," alisema akimsogelea, "viti hivi ulinunua au ulirithi?"

"Wewe nani?"

"Mtu tu anayeumwa shingo kwa niaba ya wageni wako." Akatoa kadi safi: Mhandisi Odang Sumirat, Taasisi ya Ubunifu wa Mapumziko, Bandung. "Nimekuja kimyakimya. Taasisi ina kiti kipya cha kulalia kifudifudi. Ukilala humo masaa matatu, ukiamka shingo iko palepale ulipoiacha. Kwa ufuko huu itapewa haki hoteli moja tu. Nisingekusumbua, ila Mama Haji Iroh alinikaribisha chai, nikaona si vizuri nisikusalimie na wewe."

Jina hilo lilifanya kazi yake. Haji Kosasih na Mama Haji Iroh, mwenye hoteli ya pili, walikuwa wakitenganishwa na ukuta mmoja na ugomvi mwingi.

"Chai gani?"

"Ya tangawizi. Na ndizi za kukaanga."

Haji alimeza mate kwa uchungu. "Miaka kumi na tisa mimi jirani yake, hata maji sijapewa." Akatazama huku na huku. "Hiyo haki ni kiasi gani?"

Ilikuwa rupia milioni thelathini, zitolewe siku ya kukiona kiti, na jirani asijue. Alasiri ile ile Odang alivuka ukuta akamweleza Mama Haji Iroh kwamba Haji Kosasih alimkaribisha kahawa. Mama Haji alisema mtu yule hajawahi kumkaribisha mtu yeyote kitu chochote, na naye akakubali milioni thelathini, jirani asijue.

Kilichobaki ni kiti.

Nyuma ya soko alikuwako fundi wa mianzi aitwaye Entin, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu, ambaye watu wote wa mtaa walimwita Dada Entin hata waliomzidi umri. Mumewe, Dayat, alikuwa amekaa pembeni akichambua sufi kwa vidole, uso ameuelekeza ukutani. Jicho moja lilikuwa limeshapasuliwa na daktari, la pili lilikuwa na ukungu na lilingoja zamu yake.

Odang aliwasalimu vizuri, akaeleza habari za Taasisi, akafungua mikono kuonyesha ukubwa wa mkataba utakaokuja. Fundi atengeneze kiti kimoja cha mfano. Kikifaulu mtihani, fedha zitafuata.

"Taasisi yenu iko wapi pale Bandung?" aliuliza Dada Entin.

"Mkabala na hospitali ya macho," alisema Odang, kwa sababu ndiyo barabara iliyomjia kichwani.

Vidole vya Dayat vilitulia kwenye sufi. Dada Entin alimtazama mumewe kidogo, kisha akamtazama Odang kuanzia mabega hadi visigino, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Aa. Tunapajua," alisema. "Vua viatu, kaka. Lala hapa nikupime."

Hakuomba malipo ya mwanzo, wala hakuomba karatasi yoyote. Kwa mtu wa kazi ya Odang, hilo peke yake lilitosha kumtisha. Lakini alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye mkeka, na mtu aliyelala hivyo haoni mengi.

Odang alikuwa amekusudia siku mbili. Zikawa nane. Kiti cha kwanza kilikuwa na tundu la uso dogo mno. Uso uliingia, masikio yakakataa kutoka, na Dayat alicheka mpaka akapaliwa. Cha pili kilimbana kifua hata akashindwa kumaliza sentensi, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Dada Entin alikivunja bila huruma, akateremsha upande wa kichwa, akainua upande wa tumbo, akaweka mito ya sufi chini ya vifundo vya miguu ili vidole visigonge chini. Mikono nayo akaitengenezea vishubaka viwili pembeni, chini kidogo, mtu akae kama amekumbatia fenesi.

"Unasikia nini sasa?" aliuliza kila mara.

"Safi kabisa, dada. Kazi ya kimataifa."

"Sikutaka sifa. Panauma wapi?"

"Hapaumi."

"Kaka Odang, umelala humo saa nzima na mguu wako wa kushoto unatetemeka. Panauma wapi?"

Odang hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliulizwa swali ambalo jibu la kweli ndilo lilikuwa rahisi zaidi. "Kwenye ubavu," alisema. "Wa tatu kutoka chini."

"Haya. Hapo nimekuelewa."

Odang akiwa amelala hivyo, uso tunduni, ndipo Dayat alipomsimulia habari za jicho lake la kwanza. Baada ya kupasuliwa, daktari aliamuru alale kifudifudi siku kumi, mchana na usiku, la sivyo jicho halitashika. Alilala juu ya mito iliyopangwa. Siku ya nne shingo ilikataa, akageuka usingizini, na jicho likapona nusu tu.

"Hili la pili nikigeuka, basi," alisema Dayat kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Odang alitaka kusema neno la kufariji, kwani maneno hayo alikuwa nayo mengi. Badala yake alisogeza ubavu tu, akasema hapa bado panabana kidogo, dada, hebu parekebishe.

Siku ya tisa kiti kilikuwa tayari. Kilikuwa kama mnyama mpole aliyepiga magoti, cha mianzi ya rangi ya asali, na chini ya tundu la uso palikuwa na kirafu kidogo cha kuwekea gazeti au kikombe. Odang alikipakia kwenye mkokoteni, akavaa shati lililopigwa pasi, na saa nne asubuhi alikuwa nyuma ya hoteli ya Haji Kosasih.

Haji alilala. Baada ya muda mrefu sauti ikatoka chini ya kiti. "Iroh ameshalala humu?"

"Hata kukiona hajakiona."

"Asikione." Na bahasha ikatoka.

Saa tano alikuwa kwenye banda la gari la Mama Haji Iroh, ambaye aliwaamuru wafanyakazi wote wageuke, akafunga mtandio vizuri, akalala. "Namwona sisimizi amebeba punje ya mchele," alisema baada ya dakika kumi, kwa sauti laini ambayo majirani hawakuijua. "Kosasih asipate hiki kiti maisha yake yote." Bahasha ya pili.

Basi la kwenda Banjar lilikuwa linaondoka saa saba kamili. Odang angeweza kukitelekeza kiti pale pale njiani. Alijiambia kwamba ni busara akirudishe, fundi asishtuke. Alijiambia mengi njia nzima, akiusukuma mkokoteni juani, na alipofika kwa Dada Entin akakuta uani hapana mtu, akasimama akikitazama kiti.

Dakika tano, aliwaza. Basi bado.

Aliziweka bahasha zote mbili kwenye kirafu chini ya tundu, azione mbele ya macho yake. Akateremsha uso. Ubavu wa tatu kutoka chini ulikaa mahali pake kama umezaliwa hapo. Akazitazama bahasha. Akaendelea kuzitazama.

Alipofumbua macho, kirafu kilikuwa kitupu, na ng'ambo ya kirafu kulikuwa na miguu.

Jozi moja ilikuwa ya ndala za ngozi, ukucha wa kidole gumba umepasuka: Haji Kosasih. Ya pili viatu vya maua: Mama Haji Iroh. Ya tatu ilikuwa miguu mitupu, na vumbi la mianzi katikati ya vidole. Odang alijitahidi kupumua kama mtu aliyelala.

"Amekufa?" aliuliza Mama Haji.

"Amelala," alisema Dada Entin.

"Nimwamshe kwa teke," alisema Haji.

"Usimguse, Haji, utaniharibia jaribio. Tangu saa sita hajageuka hata mara moja. Siku ya kwanza alidumu dakika nne."

Ndala za ngozi na viatu vya maua vikageukiana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Kwa hiyo ulilipa ili mimi nisipate," alisema Mama Haji.

"Na wewe je?"

"Mimi nililipa thelathini."

"Mimi pia thelathini."

"Afadhali," alisema Mama Haji. "Ningeudhika sana kama wewe ungeonekana wa thamani zaidi."

Dada Entin alikohoa. Bahasha hizi, alisema, zenye majina ya hoteli zao yaliyomfanya awaite wote wawili, ni malipo ya mwanzo ya viti kumi na viwili kwa kila mmoja, fundi ni yeye, na watu wote wawili wamekwisha kulala wakajionea. "Haji, mito yako itakuwa ya buluu. Hakuna hoteli nyingine Pangandaran nzima itakayokuwa na ya buluu. Mama Haji, ya kijani ni yako peke yako."

"Buluu peke yangu?" alisema Haji.

"Nitakuandikia."

Kule tunduni Odang alisahau hatari yake kwa muda. Kile alichokihangaikia siku tisa, mwanamke huyu alikuwa amekiuza upya mara mbili kwa rangi, tena viti vyenyewe vya kweli. Ilimbidi azuie mikono isipige makofi.

"Na huyu tapeli?" aliuliza Haji.

"Huyu mniachie. Keshokutwa nampeleka mume wangu Bandung kupasuliwa jicho la pili, na kiti hiki tunakwenda nacho. Kuna viti ishirini na vinne vya kupimwa, na mwili unaovijua ni huu. Haji utamlisha. Mama Haji utamchunga." Miguu mitupu ikasogea karibu. "Kaka Odang, waweza kuamka sasa. Pumzi yako imebadilika tangu zamani."

Odang aliinuka, duara jekundu limemzunguka uso mzima. Alijaribu. "Wapendwa, hapa Taasisi inapaswa kueleza..."

"Mkabala na hospitali ya macho kuna muuza supu na ukuta wa shule," alisema Dada Entin. "Nilikaa pale siku kumi, nikila supu."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?" Odang alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mbona hukunifukuza?"

"Nilihitaji mbavu. Mume wangu ana mbavu kama zako, lakini yeye angesema hapaumi ili nisichoke. Wewe nilikutoa ukweli siku ya tatu tu. Nani mwingine angenilalia siku nane bure?"

Basi akabaki. Siku ya pili alijaribu kuondoka na kufika hadi stendi, akamkuta Mama Haji Iroh amekaa kwenye benchi na kikapu cha ndizi za kukaanga. "Mhandisi," alisema kwa upole, "kaa ule. Basi hili limejaa." Halikuwa limejaa. Odang alikula ndizi nne, wakarudi pamoja.

Mafundi wawili wa Dada Entin walikata na kusuka. Odang alilala, akaamka, akasema panauma wapi. Siku ya kumi walimpa kisu, kwa kuwa mtu mzima hawezi kulala tu, na mianzi ikamkata vidole vyote isipokuwa kimoja. Viti vya buluu viliisha kwanza. Haji alikuja kuvihesabu, akauliza kama kijani ni rangi ya wageni wa heshima zaidi, na Odang, ambaye zamani angelijibu swali hilo kwa milioni tano, alisema hajui, akaendelea kusuka.

Wiki ya nne gari lilisimama nje. Dada Entin alishuka kwanza, akakishusha kiti, kikiwa bado na kamba miguuni. Kisha akashuka Dayat, peke yake, bila kushikwa mkono. Siku kumi alikuwa amelala kifudifudi, shingo haikukataa, hakugeuka. Aliingia uani polepole akitazama kila kitu: rundo la mianzi, kuku, rangi ya kijani ya mito, ambayo aliitazama zaidi ya vingine vyote.

Halafu akamtazama mtu aliyechuchumaa na kisu mkononi na vitambaa vidoleni.

"Ndiye huyu?" alimwuliza mkewe.

"Ndiye."

Odang alisimama, akajipangusa suruali, akangoja. Maneno yalimjia kadhaa, kutoka Garut, kutoka Tasikmalaya, mazuri yote, na akayaacha yapite. Dayat alimsogelea hadi hatua moja, akamkagua utosini, mabegani, miguuni, bila haraka, kama mtu asiyetaka kupoteza hata sehemu ndogo ya kile alichorudishiwa.

"Mh," alisema mwishowe. "Kwa sauti ile, nilidhani utakuwa mrefu."