Koti la Mjane wa Duluth

Orville Dabney hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Orville maisha yake yote alikuwa akifunguliwa mlango, akivutiwa kiti na kukatiwa keki. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na duniani alikuwa na mali moja tu: gari la njano lisilo na paa, alilolipata kwa kanali mstaafu wa Fresno. Kanali huyo alikuwa bado anamtafuta. Katika Hollywood gari ndilo uso wa mtu, na anayetembea kwa miguu hasalimiwi hata na mbwa, sembuse kuaminiwa na mjane mwenye akiba. Ndiyo maana Orville aliweza kulala njaa, lakini gari lilioshwa kila asubuhi.

Siku moja ya Agosti, jua likipasua utosi, alikuwa akipanda polepole kilima kilicho nyuma ya studio alipoona jambo lililomfanya akanyage breki. Pembeni mwa barabara palikuwa na nyumba nyeupe yenye veranda ya kupendeza, na juu ya ukuta mfupi wa veranda lilikuwa limeanikwa koti refu la manyoya. Kando yake bibi mmoja mwenye mvi alikaa kwenye kiti cha kubembea, akimenya njegere.

Usicheke, msomaji. Mji ule umejaa wazee waliohama majimbo ya theluji, wakaja na makoti yao bila kujua kwamba huku hata Desemba watu hula machungwa nje na mikono mifupi. Makoti yamefungiwa makabatini, yananukia dawa ya nondo. Kwa upande mwingine, studio huigiza Krismasi katikati ya kiangazi, ili sinema ziwahi Desemba. Huku koti halina kazi, huku kazi haina koti. Katikati panahitajika mtu mmoja mwaminifu, na Orville akajitolea.

"Shikamoo, mama," alisema, kofia kifuani. "Samahani kwa kuuliza. Hilo koti limeshapata mkataba?"

"Mkataba?" Bibi aliinua macho. "Mwanangu, kazi ya koti hili ni kulisha nondo. Karibu, kuna juisi ya ndimu. Ila usiuguse mlango, rangi bado mbichi. Mafundi wangu wako ndani tangu asubuhi."

Kweli, nyuma ya mlango nyundo zilikuwa zikilia. Orville akakaa, akajitambulisha kuwa msimamizi mkuu wa mavazi wa studio ambayo jina lake, alisema, haliruhusiwi kutajwa hadharani. Bibi naye akajitambulisha: Cordelia Haskins, mjane, wa Duluth, Minnesota.

"Tunapiga picha ya Krismasi, Mama Haskins. Tumepima makoti mia mbili. Hakuna hata moja lenye sura."

"He! Koti nalo lina sura?"

"Mama! Kuna makoti ukiyaweka mbele ya kamera yananuna. Hili lako linatabasamu, nimeliona toka bondeni. Nipe siku tatu tu tulijaribu kwenye taa. Likikubalika, na wewe utalivaa humo humo ndani ya sinema. Duluth nzima itakuona."

Hapo ndipo wanawake wote wa umri ule hurekebisha nywele. Bibi Haskins hakurekebisha. Alilivuta koti mapajani, akalipapasa kama mtu anayebembeleza paka mgonjwa.

"Hili alininunulia marehemu Amos," alisema taratibu. "Alikuwa fundi wa reli. Mwaka ule aliweka akiba ya kununua viatu vya baridi, maana vyake vilikuwa vimetoboka. Mkesha wa Krismasi akaja nyumbani na koti hili. Nikamwuliza, 'Amos, viatu viko wapi?' Akasema, 'Cordelia, nikikuona umepata joto, hata miguu yangu haijui kama kuna theluji.'" Alitoa leso yenye harufu kali ya dawa ya mafua, akajifuta pua. "Februari kifua kikamchukua."

Sasa nitatoboa siri ya Orville Dabney, siri ambayo hata kanali hakuijua. Mtu huyu aliyewaliza wajane wa kaunti tatu alikuwa hawezi kuvumilia sinema za Krismasi. Kila Desemba alijificha safu ya nyuma akalia mpaka kola inalowa. Hata hivyo hakuwa mjinga. Aliwahi kufanya kazi studio wiki mbili, akibeba kiti cha mwongozaji, na alijifunza huko kwamba chozi la kuigiza ni gliserini, maji mazito kama asali: likifika katikati ya shavu hugota, likang'ang'ania hapo kama kupe. Chozi la kweli hushuka mpaka kidevuni. Akalitazama chozi la Bibi Haskins kwa jicho la fundi. Likapita shavu, likapita kona ya mdomo, likafika kidevuni, likadondokea njegere.

Orville akaamini. Kwa dakika nzima alisahau kwamba amekuja kuiba. Kisha akakumbuka, akajikaza kisabuni.

"Mama, nitalitunza kama roho yangu."

"Najua, mwanangu. Lakini Amos alikuwa na msemo: 'Cordelia, mkono mmoja usiachie kitu mpaka wa pili umeshika kingine.' Si kwamba sikuamini. Ni roho tu ya mjane." Macho yake yakazurura, yakatua kwenye gari. "Tuseme ukiniachia kile kigari chako hapa mbele. Nikikiona, nitajua koti langu linarudi."

Orville akaligeukia gari. Gari lake! Lakini koti la minki halisi, mnyama ambaye manyoya yake huuzwa kama dhahabu, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, lilikuwa na thamani ya magari matatu kama lile. Na bibi mwenyewe alikuwa mzee wa kumenya njegere tu.

"Unajua kuendesha, mama?" aliuliza, kwa upole tu.

"Mimi? Mwanangu, hata baiskeli huniogopesha."

Akampa ufunguo. Akambusu mkono, akateremka kilima na koti begani, jasho likimtoka kwa furaha na kwa joto.

Tramu, treni ndogo ya mjini, ilimshusha kwa Lundquist, muuza manyoya, mzee wa Kiswidi asiyeuliza bidhaa imetoka wapi. Lundquist alililaza koti mezani, akalipuliza kidogo, akacheka hadi miwani ikaanguka.

"Sungura," alisema.

"Sungura nini?"

"Sungura, bwana. Ukoo mzima wa sungura, wamepakwa rangi. Nalijua vizuri, nimelishona mwenyewe kwa ajili ya studio." Akageuza bitana, akamwonyesha kitambaa kidogo chenye maandishi ya mkono: *Mjane, onyesho la saba.*

Orville alikipanda kile kilima mbio, akiwa na koti la sungura mkononi, na mbwa kweli hawakumsalimu. Mbele ya nyumba nyeupe palikuwa patupu. Gari halikuwepo. Alipiga hodi, akapiga hodi tena, kisha akausukuma mlango kwa bega na kuangukia upande wa pili.

Upande wa pili kulikuwa na nyasi. Nyumba nzima ilikuwa ukuta mmoja wa mbao, umeegemezwa magogo kwa nyuma kama mlevi. Jamaa mmoja mwenye nyundo alikuwa amekaa juu ya ndoo akila mkate.

"Rangi imekushika?" aliuliza jamaa.

"Bibi Haskins yuko wapi?"

"Haskins ndiyo nani? Unamaanisha yule mama mwigizaji? Kazi ya nyumba hii imekwisha, mimi nabomoa; yeye bado ana onyesho la mwisho. Aliniomba siku tatu akae hapo mbele ajikumbushe sehemu yake. Ana leso yake ya mentholi, ile dawa ya mafua, akiinusa tu mto unafurika. Fundi yule!"

"Ameondoka na nini?"

"Na gari lake la njano. Kona ile amekata kwa magurudumu mawili."

"Lile gari ni langu!"

"Pole, kaka. Basi kituo cha polisi kiko pale chini, waambie."

Orville akafikiria kanali wa Fresno, akafikiria swali la kwanza ambalo polisi wangemwuliza, akateremka kilima kwa upande usio na kituo. Pwagu hupata pwaguzi, na pwaguzi huyu alikuwa na mvi.

Miezi minne alitembea kwa miguu. Maneno yake yalikuwa yale yale, lakini nani amsikilize mtu mwenye vumbi kwenye viatu? Desemba ilipofika, akauona uso wa Bibi Haskins kwenye bango la jumba la sinema. Alilipa kiti cha mchana, cha bei ya chini kabisa, akaingia na hasira zake zote. Nia yake ilikuwa kusimama mbele ya watu na kumwita mwizi.

Sinema ilikuwa ya mjane maskini anayetupwa nje kwenye theluji, na tapeli mmoja aliyekuwa amemdhulumu. Kufikia nusu, kola ya Orville ilikuwa imelowa. Asubuhi ya Krismasi ndani ya sinema tapeli akatubu, akamletea mjane zawadi mlangoni. Ilikuwa gari refu lisilo na paa, lenye mchubuko kwenye madigadi ya kulia, pale pale Orville alipoligonga kwenye geti la kanali.

Orville aliruka juu. "Gari langu! Hilo gari ni langu!"

"Kaa chini, baba," alisema mama mnene wa kiti cha jirani, machozi yakimtiririka. "Kila mtu humu anatamani lingekuwa lake."

Kwenye pazia la sinema Bibi Haskins alitikisa kichwa chenye mvi. "Siwezi kulipokea, mwanangu," alisema. "Ni kubwa mno kwa bibi kama mimi."

"Lipokee!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Lipokee!" ukumbi ukaitikia, wanawake kwa wanaume, na Orville Dabney, angali amesimama, mikono kifuani, alisikia sauti moja ikizishinda zote, sauti iliyokatika kwa kwikwi, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Lipokee, mama! Chukua!"

Bibi akalipokea.