Mpango wa Kuzima Sauti Kanisani

Jumatano, 14 Mei
Jumapili kanisa letu hapa Kabiria linachagua kiongozi wa mitambo. Nakitaka cheo hicho kuliko chakula. Anayekishikilia kwa sasa ni Maxwell, muuza kava za simu. Ujuzi wake wote: mashine ikigoma, anaizima na kuiwasha. Mimi Oduor, fundi wa kompyuta Luthuli Avenue, kazi yangu kanisani ni kupanga viti! Nimemweleza mke wangu Namalwa mpango wangu. Sauti ife katikati ya ibada, niende mbele, niifufue. Akauliza mashine imenikosea nini.

Alhamisi, 15 Mei
Programu ya kuzima sauti iko tayari. Programu haiwezi kugusa moja kwa moja kadi ya sauti, kile kifaa kinachotoa sauti kwenye kompyuta. Lazima iombe kiini cha mfumo, kinachotawala vifaa vyote, kama vile mtu anayetaka kumwona chifu anavyopitia kwa karani. Unataja namba ya kifaa, unaomba mipangilio yake isomwe, kisha unaomba ibadilishwe. Nimeijaribu kwenye mashine ya dukani. Kiini kikakataa: mimi si msimamizi mkuu. Nilikasirika kweli. Mimi! Nikaingia kama msimamizi mkuu, nikaomba upya. Redio ya kompyuta ikanyamaza katikati ya tangazo. Raha iliyoje!

Jumamosi, 17 Mei
Nimejitolea kupangusa vumbi kompyuta ya kanisa. Pasta Philister amenibariki. Neno la siri limebandikwa kwenye skrini, kazi ya Maxwell. Nimeiweka programu iamke kesho saa nne, pambio zikiwa zimepamba moto. Namba ya kadi ni ile ile ya mashine ya dukani. Kompyuta ni kompyuta.

Jumapili, 18 Mei
Saa nne. Sauti ikaendelea, safi kabisa. Kumbe kwenye mashine ya kanisa namba ile ni ya sehemu inayohudumia kibodi na kipanya! Vikafa vyote viwili, na maneno ya wimbo yakakwama ukutani, ubeti wa tatu. Tangu tununue projekta, hakuna anayekumbuka wimbo wowote. Tukauimba ubeti wa tatu. Tena. Na tena. Akina mama wakaanza kulia. Pasta akasema Roho ametua hapo, tusiondoke.

Nikaenda mbele kwa madaha, nikachapa amri za kuponya. Kibodi imekufa! Nikaendelea kuchapa tu, maana watu wanatazama. Maxwell akaninong'oneza, "Buda, hebu songa kidogo." Akazima. Akawasha. Kila kitu sawa, kwa sababu nilichokiandika kwenye kifaa hakidumu mashine ikizimwa. Nililijua hilo. Sikudhani angelitumia dhidi yangu.

Amechaguliwa kwa makofi na vigelegele. Niliumia hadi chai ya baada ya ibada ikanishinda.

Jumatatu, 19 Mei
Namalwa kaniambia asubuhi, "Baba Joyline, si uachane na hiyo maneno? Pigia Maxwell simu umpongeze." Nimekataa. Nimechunguza yote kwa utulivu na nimeona kasoro ni moja tu: kitufe cha kuzima. Na kiini kinaweza kuambiwa kikipuuze! Jumapili ijayo askofu anatutembelea. Maxwell atabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Mimi pia sitaweza kuizima, lakini hilo nitalishughulikia nikishafika mbele.