Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kozi ya uwindaji. Kozi! Mimi! Mtu ambaye tangu utotoni nikirusha jiwe linafika ninapotaka, ukiacha siku ile ya dirisha la jirani.

Lakini nitafanyaje? Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliacha bunduki nzuri mno, kitako cha mbao kinang'aa mpaka unajiona. Sheria inasema haikai kwa mtu asiye na leseni, kwa hiyo sasa imefungiwa kituo cha polisi. Mama mkwe ametangaza mbele ya ukoo mzima: atakayefaulu kuliko wenzake ndiye atakayeirithi. Tumejitokeza wawili. Mimi, mkwe mwenye akili zake. Na shemeji, mdogo wake mke wangu, kinyozi. Kinyozi! Aliyeninyoa siku ya harusi yangu akaniachia kisogo kama kiazi kilichomenywa gizani. Huyo ndiye apewe bunduki?

Koti la kuwindia nimeshanunua. Mifuko kumi na saba. Dukani tunakouza magodoro nimewaambia wenzangu Jumatatu ijayo waje na vyombo vya kuchukulia nyama.

Mwalimu ni mwanamke mfupi, askari wanyamapori mstaafu, anaongea polepole utadhani anabembeleza mtoto. Ametugawia bunduki za mbao. Nikauliza za kweli ziko wapi. Akasema za kweli hazipendi watu wenye haraka. Darasa likacheka, na shemeji ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeua watu tisa.

Kanuni ya mwalimu: mtutu chini saa zote, na ukimwelekezea mwenzako, hata kwa bahati mbaya, basi umemuua, naye analala sakafuni mpaka kipindi kiishe. Upuuzi mtupu! Nilipogeuka kumsalimia fundi bomba mmoja tunayesoma naye, akalala. Nilipogeuka kumwomba radhi, wakalala wawili waliokuwa nyuma yangu. Kufika saa nne darasa lilijaa maiti wanaopiga miayo. Mwalimu mwenyewe nilimuua mara mbili. Mara ya pili hakujisumbua hata kuinuka, akafundisha akiwa chali. Fundi bomba aliniuliza kutoka sakafuni kama nyumbani kwangu kuna mtu aliyebaki hai.

Shemeji hakuua hata mmoja. Mnafiki.

Halafu kuna hii: kila unapopokea bunduki, ifungue uangalie ndani. Kila mara. Eti hata anayekupa akiwa mama yako mzazi na ameapa kwamba iko tupu. Malezi gani haya? Mimi nililelewa kuamini watu.

Jumatano, 4 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Shemeji amekimwagia mafuta ya nywele kitabu chake cha kanuni, hakisomeki. Akaniuliza kwa unyenyekevu kama naweza kumwazima changu. Nikamwambia hapana, nitafanya zaidi ya hapo: nitamnakilia maswali yote na majibu yake, kwa mkono wangu mwenyewe. Si ndugu yangu?

Nimeshinda mezani tangu mchana. Maswali sitini, na kila jibu nimelipinda. Umbali wa kupigia risasi kutoka barabarani ni hatua mia mbili, nimeandika ishirini. Jike mwenye mtoto haguswi. Nimeandika aanze yeye. Mnyama uliyemjeruhi unamfuata mpaka umpate. Nimeandika mwache, atarudi mwenyewe akipoa hasira. Hilo la mwisho nililisoma kwa sauti mara tatu. Tamu! Rasimu ilikuwa na madoa ya wino, nikaandika yote upya kwa mwandiko mzuri. Shemeji asije akasema sikujali.

Mke wangu aliuliza nacheka nini. Nikamwambia nasoma. Hakubisha. Wiki hii kila jioni anakwenda kwa mama yake. Sijauliza kuna nini. Nyumba imetulia, niulize ya nini?

Alhamisi, 5 Juni

Nimemkabidhi. Alishukuru mpaka macho yakamlegea, akasema atanyoa kichwa changu bure. Nikakataa. Nina kisogo kimoja tu.

Leo tulipiga risasi za kweli, tano tano. Ubao wangu ulibaki safi kama shuka jipya. Mama mmoja muuza viatu, aliyesimama kulia kwangu, alipiga tano na ubao wake ukakutwa na matundu sita. Nikadai tundu langu. Mwalimu akasema mwindaji anayepiga mnyama wa jirani hana hoja. Mwanamke huyu ananionea wivu, naona kabisa.

Kitabu sijakifungua. Majibu sitini nimeyaandika mara mbili. Yamo kichwani.

Ijumaa, 6 Juni

Mtihani. Kalamu ilikimbia yenyewe! Nilisoma swali, jibu likaja papo hapo, na niliona hata mwandiko wake. Nilimaliza wa kwanza. Shemeji alikuwa bado anajikuna. Maskini ya Mungu.

Wakati wa vitendo nilimwona mke wangu amekaa viti vya nyuma. Nikajua ameniletea miwani, maana niliisahau. Mke mwema yule.

Mwalimu akanipa bunduki, akasema kwa upole kwamba iko tupu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaiweka begani. Adabu! Akaichukua, akaifungua juu ya meza. Ikaanguka risasi ya bandia, ya plastiki, nyekundu kama pilipili. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mtu mzima, mstaafu, ananidanganya mchana kweupe, halafu mwenye kosa ni mimi?

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata kumi na moja. Kati ya mia.

Shemeji themanini na nne.

Nilisimama mbele ya lile tangazo mpaka watu wakaniomba nisogee. Kumbe yale majibu niliyoyapinda ndiyo niliyoyajaza kwenye mtihani, yote, na kwa mpangilio ule ule! Na shemeji alinusurika vipi? Kampa dada yake karatasi zangu amsomee. Dada yake, yaani mke wangu, akakuta jike mwenye mtoto aanze yeye. Akakichukua kitabu changu nisichokifungua, akasahihisha jibu moja baada ya jingine, yote sitini. Yakamkaa shemeji kichwani.

Maana jioni zile hakuwa kwa mama yake. Alikuwa darasa la jioni. Kapata mia.

Mama mkwe alimkabidhi mke wangu hati ya bunduki mbele ya watu, kisha akanigeukia, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukoo mzima ukaitikia. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nilitazama viatu vyangu mpaka chai ikaisha.

Mwalimu anasema naweza kurudia. Nianzie bunduki ya mbao.

Jumapili, 8 Juni

Bunduki imefika nyumbani. Inakaa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo mke wangu ameuvaa shingoni. Nilimwomba niishike, dakika moja tu, kwa heshima ya marehemu. Akanipa. Akasema iko tupu.

Lo, uzito wake! Nilisimama mbele ya kioo na koti langu. Mke wangu akauliza kama kuna kitu nimesahau. Nikasema kweli, kofia. Nikaenda kuivaa. Niliporudi alininyang'anya bunduki, akaifungua, na kitu chekundu kikadunda sakafuni mpaka chini ya kabati.

Mwalimu anawaazima watu vifaa vyake! Na mke wangu mwenyewe ananidanganya ndani ya nyumba yangu! Sasa nimwamini nani?

Hata hivyo sikati tamaa. Kozi ya marudio inaanza kesho, na safari hii nimejipanga. Fundi bomba naye anarudia, na hana kitabu. Nimemwambia asihangaike. Nitamnakilia majibu yote, kwa mkono wangu mwenyewe.